Bastola Nyembamba, Amana Nzito

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na mada ya mahari. Tunaomba radhi kuiahirisha, kwa kuwa limetufika jambo msikitini kwetu ambalo tumeona haifai kulinyamazia.

Ilikuwa swala ya Ijumaa, rakaa ya pili. Msikiti ulijaa kama ujaavyo kila Ijumaa hapa katikati ya jiji: wenye maduka wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo, makuli, waendesha guta, wanafunzi wa madrasa na wasafiri waliokuja Kariakoo kununua bidhaa. Tulipokuwa katika sijida tulisikia kishindo kifupi cha kitu kizito kikianguka kwenye zulia. Imamu alipotoa takbira tukainua vichwa, tukaiona: bastola ndogo nyeusi, nyembamba, imeteleza kutoka kiunoni mwa mtu wa safu ya mbele na kusimama karibu na goti la mtoto wa miaka minane aliyekuwa pembeni ya baba yake katika safu ya pili. Mtoto alikwisha nyoosha mkono. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yake akauwahi mkono ule, akaifunika bastola kwa kofia yake, na swala ikaendelea hadi salamu.

Mwenye silaha ni mfanyabiashara mwenye heshima zake, ana leseni halali, na kwa umri ni baba yetu. Baada ya salamu alitoka nayo uani huku mikono ikimtetemeka. Akachomoa magazini. Kisha akavuta kifuniko cha juu nyuma, na risasi moja ikaruka kutoka ndani, ikaanguka sakafuni. Bastola ilikuwa imekokiwa. Alisema maneno ambayo hatukuweza kuyasahau: “Wallahi niliisahau wanangu. Ni nyembamba mno, naivaa kama simu.”

Mtoto yule alipoulizwa kwa nini alitaka kuishika, alijibu kwamba alidhani ni kama ile aliyonunuliwa Sikukuu ya Idd.

Kamati ilikutana usiku uleule baada ya swala ya Isha, na sisi kwa nafasi yetu ya ukatibu tukapewa kazi ya kuzungumza na waumini wanaomiliki silaha, mmoja mmoja, bila kuwaaibisha. Tuliyoyasikia ndiyo tunayoyaleta kwenye ukurasa huu, kwa sababu bastola inayotoka dukani Kariakoo hailali dukani. Inalala Magomeni, Ilala, Upanga na Temeke, katika nyumba zenye wake na watoto wanaosoma gazeti hili.

Wanachosema wenyewe

Tuanze kwa insafu. Watu tuliozungumza nao si wahuni, na hofu yao si ya kubuni. Wapo walioporwa mauzo ya siku wakitoka kufunga fremu. Wapo waliofuatwa na pikipiki kutoka benki. Tangu ulipozinduliwa mpango wa biashara kwa saa 24 hapa Kariakoo, Februari 2025, wengine wanahesabu fedha saa ambazo zamani mitaa ilikuwa imelala. Mtu mwenye mzigo wa mamilioni begani ana haki ya kuogopa.

Wa kwanza, mzee aliyemiliki bastola kubwa kwa miaka mingi kabla ya kubadilisha, alitueleza kwa nini alitaka iliyo ndogo. Joto la Dar es Salaam haliruhusu koti. Mtu anavaa shati au kanzu, na bastola kubwa huchomoza. Ukikaa kwenye kiti cha duka kutwa, chuma kinakubana mbavu. Mteja akiiona anaingiwa na hofu. Mwizi akiiona anaitamani, kwani kwa jambazi silaha yenyewe ni mali kuliko fedha. Kwa hiyo bastola nyembamba kwake ni stara. Hoja yake ina uzito, tena polisi nao wamekuwa wakiwaonya mara kwa mara wamiliki wanaozionesha silaha zao hadharani.

Wa pili ni kijana muuza simu wa Mtaa wa Aggrey, ambaye anazijua bastola kama anavyozijua simu. Alitutajia ile ya kampuni ya Glock ya Austria iliyotoka mwaka 2015, namba 43, ambayo unene wake haufiki sentimita 3 na magazini yake huchukua risasi 6. Akatutajia ile ya SIG iliyotoka mwaka 2018, P365, ambayo kwa umbo dogo kama hilo iliweza kuchukua risasi 10. Alisema viwanda vimeshindana kupunguza unene kwa sababu wateja wanataka kitu ambacho hakitaonekana wala kuhisiwa mwilini. Tamaa hiyo si mpya: Wajerumani walitengeneza Walther PPK mwaka 1931, bastola fupi iliyowafaa askari wanaovaa kiraia. Lililo jipya ni kwamba sasa risasi yenye nguvu kama ya bastola kubwa ya kijeshi inapita katika chuma ambacho mtu anaweza kukitia mfukoni na kukisahau.

Wa tatu amepata mafunzo na hufanya mazoezi ya shabaha. Huyu alitufumbua macho. “Ndogo ni rahisi kubeba, ngumu kupiga,” alisema. Mtutu wake ni mfupi, kwa hiyo kosa dogo la mkono linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Mpini wake unatosha vidole viwili, cha tatu kinaning'inia. Kwa kuwa ni nyepesi, inaporusha risasi inarudi nyuma kwa nguvu na kuupiga mkono. Baada ya magazini mbili au tatu kiganja kinauma, na mtu anatafuta sababu ya kuondoka uwanjani. Matokeo yake, wenye bastola ngumu zaidi kuzitumia ndio wanaofanya mazoezi kidogo zaidi. “Wengi wetu tumezoea kuibeba,” alisema, “hatujazoea kuilenga.”

Tulimwomba atazame mitaa yetu kwa jicho hilo. Akatuonesha fremu zilizotenganishwa kwa mbao nyembamba, ngazi zilizojaa wateja, wamachinga waliopanga bidhaa hadi katikati ya njia, mama mwenye mtoto mgongoni. Risasi iliyomkosa mwizi hapa Kariakoo haina pa kwenda isipokuwa kwa mtu.

Wa nne alilalamikia mfuko. Kanzu na suruali zetu zina funguo, sarafu, kalamu na tasbihi. Vumbi na nyuzi za nguo huingia ndani ya chuma, jasho la chumvi hukitia kutu, na bastola ambayo haikusafishwa hugoma siku inapohitajika. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba baadhi ya bastola hizi hazina kitufe cha pembeni cha kuifunga. Kinga yake imo ndani ya kifyatulio chenyewe. Ufunguo ukijipenyeza pale, au mtu akiirudisha kiunoni kwa pupa na pindo la shati likanasa, risasi hutoka bila kuulizwa nia.

Wa tano ana kisa kifupi. Alibeba kwa miaka kadhaa bila tukio lolote. Jioni moja wezi wawili wakamjia kwa pikipiki, wakaunyakua mkoba na kutokomea kabla hajamaliza kupandisha kanzu. Anaendelea kubeba, lakini anakiri kwamba kilichomlinda tangu siku ile ni kuacha kutembea na fedha usiku.

Wa sita ndiye aliyetuliza. Alibishana na mteja juu ya shilingi 20,000. Mteja akamtukana mama yake. “Mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe,” alisema. “Sikuutuma.” Hakuitoa. Alifunga duka, akaenda kutawadha, akaswali rakaa mbili, na juma lilelile akaipeleka polisi na kuomba taratibu za kuacha kumiliki. Tulimuuliza kama hujuta anapofunga duka usiku. Alisema huogopa zaidi barabarani, lakini hujiogopa kidogo.

Sheria za nchi

Tusisitize kwa ufupi yale ambayo kila familia inapaswa kuyajua. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haimpi mtu silaha kwa sababu ana fedha ya kununua. Inamtaka awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe mtu wa vurugu wala wa ulevi, na awe amefuzu mafunzo ya kuitumia. Maombi huanzia serikali ya mtaa, yakapanda hadi ngazi za juu za usalama. Leseni ni ya mtu mmoja kwa silaha iliyoandikwa. Si ya mke wake, si ya mwanawe, si ya mlinzi wa duka. Mwaka 2016 wamiliki waliitwa kupeleka silaha zao zihakikiwe, na wapo waliogundua siku hiyo kwamba walikuwa wameweka kabatini kitu wasichokuwa na haki nacho.

Hapo pana mlango wa ngazi ya mtaa, nasi msikitini tumeo ndani yake. Tunaombwa barua. Mtu anakuja kwa katibu, anasema: niandikieni kwamba ninyi mnanijua, mimi ni mtu mwema. Barua hiyo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo umetajwa na Mtume (S.A.W.) miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Mtu ambaye tumemsuluhisha na mkewe mara tatu kwa sababu ya kipigo hatuwezi kumwandikia kwamba ni mpole. Wajumbe wa mitaa na majirani wanaotia sahihi kwa kuoneana haya tunawakumbusha kwamba haya ya aina hiyo haina thawabu.

Mafundisho ya dini yetu

Kijana wa Aggrey alitukabili kwa dalili. Alisema: je, katika Suratun-Nisaa, aya ya 102, Mwenyezi Mungu hakuwaamuru waumini kuswali na silaha zao? Tulimjibu kwamba aya ile ni ya swala ya khofu, adui akiwa mbele ya jeshi, na humohumo mna ruhusa ya kuziweka chini kwa aliyepata taabu ya mvua au maradhi, pamoja na amri ya kuchukua tahadhari. Hata vitani, basi, silaha ina adabu zake. Sembuse kwenye zulia la Ijumaa, kati ya watoto.

Kwa hali yetu sisi kuna mafundisho yaliyo karibu zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimuamuru anayepita na mishale katika misikiti au masoko azishike ncha zake kwa mkono, isije ikamdhuru Muislamu yeyote. Tazameni, ndugu zetu, sehemu mbili zilizotajwa: msikiti na soko. Ni kama kwamba maneno yale yamesemwa yakiwaelekea watu wa Kariakoo. Na amri haikuwa kumpokonya mtu mishale yake. Amri ilikuwa kwamba mkono wa mwenyewe uwe juu ya ncha, yaani aijue silaha yake iko wapi na imeelekea wapi kwa kila hatua anayokwenda. Imepokewa pia kwamba alikataza kupeana upanga uliochomolewa katika ala, na kwamba alikataza kumuelekezea ndugu silaha hata kwa mzaha, kwani huenda shetani akauteleza mkono.

Hapa ndipo kosa la mzee wetu lilipo, na yeye amekubali tuliandike. Kosa lake halikuwa kumiliki. Kosa lake lilikuwa kusahau. Na bastola nyembamba imetengenezwa ili isahaulike. Sifa ileile inayoifanya ipendwe na mbebaji ndiyo inayoivunja amri ya kuishika ncha. Kadiri chuma kinavyopungua unene kiunoni, ndivyo amana inavyozidi uzito shingoni.

Wapo waliotuambia: anayeuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Ni kweli, hadithi hiyo ni sahihi. Lakini wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakuiacha bila maelezo. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa kwenye vyuo vyetu vya pwani, ameweka utaratibu wa kumzuia mshambuliaji kwa kilicho chepesi kwanza. Akizuilika kwa maneno au kwa kupiga kelele za msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu fimbo. Akizuilika kwa fimbo, ni haramu kumuua. Na ikiwa mtu anaweza kujiokoa kwa kukimbia, basi akimbie. Tena wamesema kuitetea mali isiyo na roho kunaruhusiwa, hakukuwajibishwa. Ukiuachia mkoba uende hujafanya dhambi, wala hujapungukiwa uanaume. Mwizi anayekimbia amekwisha kukupa mgongo, na mwenye kukupa mgongo hakushambulii tena.

Na je, risasi ikimpata asiyehusika? Watu wetu husema, “ilikuwa bahati mbaya,” wakadhani neno hilo linafuta kila kitu. Suratun-Nisaa, aya ya 92, haikuwaachia hapo. Anayeua kwa kukosea analazimika kafara, na kwa zama hizi zisizo na watumwa ni kufunga miezi miwili mfululizo, na jamaa wa marehemu wana haki ya dia ila wakisamehe. Mfano ambao wanafiqhi huutoa ni wa mtu aliyempiga mshale mnyama akampata binadamu. Dia hiyo huwaangukia jamaa wa kiumeni wa muuaji, hulipwa kwa miaka 3, kiasi chake cha asili ngamia 100. Hebu kila mbebaji awatazame kaka zake na baba zake wadogo, ajiulize kama wanajua mzigo ambao amewatundikia bila kuwashauri. Hayo ni mbali na hukumu ya mahakama za nchi.

Bastola inapofika nyumbani

Baada ya habari kuenea, mama mmoja alituletea ujumbe kupitia upande wa akina mama. Mume wake hurudi usiku amechoka, huvua kanzu na kuitundika nyuma ya mlango, na bastola ikiwa ndani ya mfuko. Asubuhi huulizana nani ameona funguo. Mama yule alisema: “Yeye huisahau, mimi siisahau. Naijua kila usiku iko wapi kuliko yeye mwenyewe.” Tuliisoma sentensi ile mbele ya kamati na hapakuwa na mtu aliyepata la kusema. Uzito ambao mume ameununua ili asiuhisi unabebwa na mke.

Tunawaambia waume: silaha ikiingia nyumbani, ipite moja kwa moja hadi kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni. Itolewe risasi kwanza, na risasi zikae mbali nayo. Isiwekwe chini ya mto, wala juu ya kabati, kwani hakuna mtoto ambaye hajapata kupanda kiti. Ufunguo ukae na mwenye leseni peke yake. Mke anayo haki ya kuuliza kila usiku, “umeifungia?” na kujibiwa bila ukali. Swali hilo halivunji heshima ya mume. Linalinda roho zilizo chini ya uchungaji wake.

Tuseme na lile lililo zito zaidi. Nchi yetu imeona, zaidi ya mara moja, hapa Dar es Salaam na kwingineko, ugomvi wa wapenzi au wa mke na mume ukimalizwa kwa risasi, na aliyefyatua akaigeuzia nafsi yake. Hatutaji majina, kwa kuwa wafu wana stara yao na watoto waliobaki wanasoma magazeti. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye nguvu ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira, na kwamba aliyekasirika akiwa amesimama aketi. Hekima ya kuketi ni kuuweka mwili mbali na kitendo. Bastola iliyo kiunoni inafanya kinyume chake: inakiweka kitendo karibu na mwili. Mwanamume anayejijua kuwa hasira zake ni za haraka, na mke anayejua kuwa mumewe yuko hivyo, wasidanganyane kwa neno ulinzi. Na dada yeyote aliyewahi kuoneshwa silaha ndani ya nyumba kama kitisho, hata mara moja, hata ikaitwa mzaha, asingoje ya pili. Aende kwa jamaa zake, aende polisi kwenye dawati la jinsia, aje msikitini. Atasikilizwa.

Na wajane. Mume akifariki, silaha haiingii katika mgawanyo wa mirathi kama shamba au fremu, na mtoto mkubwa hairithi kwa kuipokea mkononi. Leseni imekufa na mwenyewe. Jamaa waende kituo cha polisi watoe taarifa mapema, na ikabidhiwe kwa maandishi. Aliyeikuta kabatini baada ya miaka naye asiogope. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022 na 2023.

Tulichokubaliana msikitini

Kamati haikukubaliana mara moja. Baadhi yetu tulitaka tangazo la kipaza sauti kwamba silaha zimepigwa marufuku. Wenzetu wakauliza: mtawatangazia wezi kwamba kila Ijumaa saa saba wenye maduka wako mikono mitupu? Wengine tulipendekeza kabati la chuma ofisini, mtu aache bastola yake apewe namba. Muumini mmoja, askari mstaafu, akatuzuia. Alitueleza kwamba asiye na leseni akipokea silaha ya mwingine amefanya kosa, na aliyempa amefanya kosa. Tulikaribia kuvunja sheria kwa nia njema, na kwa hilo tunamshukuru.

Tulichofikia ni hiki. Wenye silaha tumewaomba, ana kwa ana, wasije nazo msikitini, bali wazifungie dukani au nyumbani. Ili waweze, mauzo ya asubuhi yapelekwe benki au kwa wakala kabla ya saa tano, na wanaobaki na fedha wafuatane wawili au watatu. Majirani wa mtaa mmoja wameanza kufanya hivyo na kulipana zamu. Aliyeshindwa kabisa kuiacha hatumfukuzi katika swala. Lakini asiibebe mfukoni wala asiichomeke kwenye kikoi. Iwe ndani ya ala yenye kifungo iliyoshonwa kwenye mkanda imara, isikokiwe, na aswali mwisho wa safu upande wa ukuta, pasipo mtoto pembeni yake. Mzee wetu amekuwa wa kwanza kutekeleza. Amenunua sanduku la chuma, na Ijumaa iliyofuata alituonesha ufunguo wake kabla ya khutuba.

Limebaki moja, na hili ni letu sote. Bastola za plastiki ambazo watoto hununuliwa Sikukuu ya Idd zinauzwa kwenye maduka ya baadhi ya waumini wetu. Mtoto wa safu ya pili alinyoosha mkono kwa sababu tulimfundisha sisi kwamba kitu chenye umbo lile ni zawadi. Idd inakuja. Mfanyabiashara na achague mzigo mwingine, na mzazi na achague mpira. Na watoto wote wafundishwe maneno matatu: usiguse, ondoka, mwambie mkubwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azilinde roho zetu, mali zetu na majumba yetu, awape wenye mamlaka nguvu ya kuilinda mitaa yetu ili raia asihitaji chuma kiunoni, na atujaalie tuwe wenye kukumbuka amana zetu hata zikiwa nyepesi mwilini. Juma lijalo, inshaallah, tutarudi kwenye mahari.

Wabillahi tawfiiq.